Mguu Wangu, Ekzosi Yako

Mwanangu Yohana,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na mie nimebaki hapa na begi lako mlangoni. Nimelifungua, nimelifunga. Nimelifungua tena nikatoa lile sweta, nikalirudisha. Ningekuwa na miguu inayonisikiliza ningekuwa nazunguka chumba hiki bila sababu. Kwa kuwa sina, nimevuta stuli, nimeweka karatasi juu ya sinia, naandika. Jua bado lipo. Mama Zuhura yuko nje anapepeta mchele na kila baada ya muda ananiuliza kama nimekula. Nimemdanganya kwamba nimekula.

Sikuandikii habari za kula, kufua wala kwenda kanisani. Umenipikia tangu ukiwa mtoto wa shule ya msingi, hakuna nitakachokufundisha kuhusu sufuria. Nataka kukuandikia habari ya ile ekzosi, lile bomba la moshi la baiskeli yangu. Najua unaijua, lakini unaijua kwa upande wako, wewe uliyekuwa umeinama chini na spana. Mie nilikuwa nimekaa juu. Hatujawahi kuizungumza yote kwa pamoja. Tunaikwepa, mmoja akiigusa mwingine anauliza kama maji yamechemka. Sitaki uende nayo Mwanza ikiwa nusu.

Ukuta uliponiangukia kwenye zile mvua, wewe ulikuwa mdogo, bado unalala na mimi kitanda kimoja. Nilipotoka hospitali, kuanzia kiunoni kushuka chini sikuhisi kitu tena. Si baridi, si sindano, si sisimizi. Watu wanadhani shida ya kupooza ni kutotembea. Kutotembea nilikuzoea. Kitu ambacho sikukizoea ni kuwa na miguu ambayo inaweza kuumia bila kuniambia, kama mtoto bubu uliyempakata.

Kanisa likatupatia ile baiskeli ya magurudumu matatu, ya kuzungusha kwa mikono, nami nikaanza biashara ya supu ya kongoro. Unakumbuka asubuhi zake. Kwenda Vingunguti machinjioni kuchukua kongoro, kurudi nazo hapa Buguruni zikiwa kwenye ndoo nyuma ya kiti, kuchemsha, kuuza. Kwenda ilikuwa rahisi. Kurudi na mzigo, pale panapopanda, nilikuwa nazungusha huku meno nimeyauma. Jioni nilikuwa siwezi kuinua mkono kuchana nywele zangu mwenyewe, wewe ndiye uliyekuwa unanichana, unanivuta, tunagombana.

Ulipomaliza kidato cha nne ukaenda kujifunza ufundi kwa Mzee Salehe kule Temeke, mie nikafikiri utatengeneza pikipiki za watu. Siku uliyoleta lile boksi lenye injini ndogo, ile wanayofunga kwenye baiskeli za kawaida, sikuelewa mpaka ulipolala chini ya kiti changu na kuanza kupima kwa kamba. Ulikuwa unaimba. Mie nilikuwa ndani namenya vitunguu, nikawa nalia, nikasingizia vitunguu.

Injini ilikaa vizuri, ubavuni upande wa kulia, chini ya kiti, na cheni yake ikaenda kwenye gurudumu la nyuma. Kilichokushinda ni ekzosi. Ile iliyokuja kwenye boksi ilitengenezwa kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu mawili, yenye mtu mwenye miguu inayokanyaga. Kwangu bomba lilitoka mbele ya injini likaenda moja kwa moja kwenye ubao ninaowekea miguu. Mkalikata na Mzee Salehe, mkalichomelea upya ligeuke lirudi nyuma, moshi utokee nyuma ya kiti. Lakini lilipopoa, matundu ya bomba hayakukutana sawasawa na bolti za injini. Yalipishana kidogo tu. Mie nilivyotazama niliona yamekutana.

Ulisema, "Mama, hii sio. Inabidi niirudishe kwa mzee tukaikate tena."

Hapo ndipo ninapopakumbuka kuliko pote. Ilikuwa Jumamosi, nilikuwa na sufuria kubwa ya supu ya watu wa kipaimara, na nilishajisifia mtaa mzima kwamba nitaipeleka kwa injini. Nilitaka wanione. Nikakwambia ukaze hivyo hivyo, nati zitalivuta, Jumatatu utarekebisha. Ukakataa. Nikakwambia wewe unaogopa kazi yako mwenyewe. Ukachukua spana ukakaza, nati zikalivuta bomba kwa nguvu mpaka likakaa, nami nikasema si unaona. Ulikuwa umekunja uso.

Nilikwenda, nikapiga honi kwa kila ninayemfahamu. Supu ikafika ikiwa ya moto. Wakati wa kurudi nikaona nipitie Vingunguti kuagiza kongoro za Jumapili, na nikiwa njiani sauti ya injini ikabadilika, ikawa kali, inapasua masikio. Nikafurahi. Nikaona injini imepata nguvu. Kumbe bolti moja imekatika kwa kuvutwa, bomba limegeuka, limekuja kulala kwenye mguu wangu wa kulia, nyuma, pale kwenye nyama. Kanga nilikuwa nimeipandisha mpaka magotini nikiogopa cheni.

Nikasikia harufu. Hili sijawahi kukwambia, Yohana. Nilisikia harufu ya ngozi inayoungua, na nilikuwa napita karibu na machinjio, pale vijana wanapobabua vichwa na kongoro kwenye moto kutwa nzima. Ni harufu ninayoishi nayo, ndiyo inayotulisha. Nikajisemea, leo wana kazi nyingi. Nikaendelea na safari yangu, mguu wangu unababuka na mie nawapungia watu mkono.

Niliuona wakati wa kuoga. Sitakuelezea ulivyokuwa. Nilikaa na kopo la maji mkononi, nikasikia uko uani unamwambia Mama Zuhura jinsi injini ilivyopanda kile kilima. Sauti yako ilikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeisikia tangu tubaki wawili. Nikafunika mguu. Nikakuita, nikakwambia bolti moja imekatika njiani, basi. Ukasema pole mama, nilikwambia, na Jumatatu ukaenda kwa Mzee Salehe mkaikata ile ekzosi upya na kufunga bolti nyingine. Ulipokuwa unafunga nilikuwa nimekaa palepale juu ya kiti, nimevaa gauni refu, nakupa spana unazoomba.

Nilipaka asali. Nilipaka mafuta ya mgando. Nilijiambia kitu kisichouma si kikubwa. Mwili ukaanza joto, nikasema malaria. Mama Zuhura ndiye aliyeingia kunibadilishia shuka, akafunua kanga, akairudisha taratibu, halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama Yohana, mwanao anajua?" Nikamwomba asikwambie. Akasema yeye naye ana mtoto, na angependa wewe uambiwe na mama yako, lakini kama mama hasemi, atasema jirani. Akatoka. Nilimchukia siku ile. Leo ndiye anayeniuliza kama nimekula.

Alikwambia, ukanipeleka hospitali, na huko madaktari walizungumza kuhusu kuukata mguu. Nilikuwa nawasikia kama watu walio chumba cha pili. Nilichokuwa nakitazama ni wewe, umesimama miguuni pa kitanda na shati lako la gereji, mikono nyuma kama mwanafunzi. Walipotoka ndipo uliponiambia lile neno.

"Ulikuwa unanipa spana. Nafunga bolti mpya, naimba, na wewe unanipa spana."

Hukupandisha sauti. Ningependa ungepiga kelele. Mie nilidhani nimekuficha usiumie, na kumbe nilikuwa nimekufanya mjinga mbele ya kazi yako mwenyewe. Nikajifanya nimelala.

Mguu haukukatwa, tunamshukuru Mungu na wale manesi. Lakini niliporudi nyumbani nikakuta injini umeifungua, umeiviringisha kwenye gunia, umeisukumia uvunguni. Gereji uliacha. Ukawa unanisukuma kila alfajiri mpaka Vingunguti na kurudi, hunisemeshi, mikono yako nyuma ya kiti changu. Wateja walikusifia mtoto mwema. Mie nilikuwa nasikia pumzi zako mgongoni na nilikuwa najua si wema ule, ilikuwa adhabu, ila sikujua unamwadhibu nani kati yetu.

Siku moja ulipokwenda kuchota maji nikazungusha baiskeli kwa mikono mpaka Temeke kwa Mzee Salehe. Sijui kama aliwahi kukuambia. Nilifika nimelowa jasho mpaka kilemba. Akanipa maji, nikamwamkia, akaitikia, na kabla sijaeleza kitu akaniuliza mguu unaendeleaje. Nikamwomba akuite urudi kazini. Mzee yule hasemi haraka. Alifuta mikono kwa tambara, akasema kwamba yeye akikuita utakuja kwa heshima tu, utafagia gereji na kuondoka. Kisha akasema, "Yule anaogopa kufunga kitu ambacho wewe utakikalia. Sasa kikalie wakati anafunga. Na akisema bado, wewe usiseme imetosha."

Nikazungusha tena kurudi, namkasirikia njia nzima, maana lile la mwisho lilinigusa mahali.

Kesho yake uliporudi na maji ulinikuta uani nimeshavuta lile gunia. Injini ilikuwa mapajani mwangu, mafuta yamenichafua kanga, na nilikuwa najaribu kuipachika mwenyewe kwa kuinama, nikijua kabisa siwezi. Ulisimama na ndoo zako. Ulitazama sana. Halafu ukasema, "Umeigeuza, mama," ukaweka ndoo chini.

Ile kazi ilikuchukua siku nzima na nilikaa juu ya kiti siku nzima. Sijawahi kukuona ukifanya kazi hivyo. Ulilegeza kila kitu kwanza. Ekzosi hukuikaza popote. Uliitundika kwa waya ikaning'inia, ukaisogeza kidogo kidogo mpaka matundu yake yakaingia yenyewe kwenye bolti bila kulazimishwa, ukayatazama kwa kufumba jicho moja. Ukaweka gasketi, kile kipande chembamba cha kuziba mwanya. Ukakaza nati kwa vidole tu, huku kidogo, huku kidogo, zote sawa. Ndipo ukaenda kwa mchomeleaji pale kona ukatengeneza mkono wa chuma wa kulishika bomba kwa nyuma, ukarudi, mkono ukawa mfupi, ukarudi tena kwake. Jua lilinichoma. Mara tatu mdomo wangu ulifunguka kusema imetosha, mara tatu nikameza. Yohana, hiyo ndiyo kazi ngumu niliyofanya siku ile, usicheke.

Ukawasha injini, ukapaka povu la sabuni pale bomba linapokutana na injini, ukaangalia kama linatoa mapovu, ndipo ujue moshi unavuja. Likatoa. Ukazima, ukasubiri lipoe, ukafungua, ukaanza upya. Mara ya pili povu likatulia.

Kisha ukaweka lile bati ulilolitoboa matundu, kati ya bomba na mguu wangu, ukaniuliza mguu wangu unakaaje barua— samahani, Mama Zuhura kaniita tena, nimeandika upuuzi. Ukaniuliza mguu wangu unakaaje barabara ikiwa na mashimo. Nikakwambia unakaa vizuri tu, hakuna shida, hapaumi.

Ukainua uso. "Usiniambie hapaumi. Wewe hujui kama panauma."

Ukakaa chini kwenye mchanga, ukakunja suruali, ukaweka mguu wako mwenyewe pale penye mguu wangu, ngozi yako kwenye bati, injini inanguruma. Ukauacha. Nilitaka kuuondoa kwa mkono, ukanizuia. Tulikaa hivyo, mie juu, wewe chini, moshi unatokea nyuma kwenye ukuta wa Mama Zuhura, naye akachungulia akaona, akarudi ndani. Mwishoni ukatoa mguu, ukauonyesha. Ulikuwa na jasho tu. Ukasema kuanzia leo kila nikisimama nitazame miguu yote miwili kwa macho, hata kama kuna mteja, hata kama kuna mchungaji. Nami nafanya hivyo. Watu wa Buguruni wanadhani nina maringo ya viatu.

Baada ya hapo ndipo wakaanza kuja. Yule kaka wa Kiwalani anayeuza vocha, kisha dada wa Tandika mwenye watoto mapacha, kila mmoja na baiskeli yake ya mikono, wanataka wafungiwe kama ya mama yako. Kila mmoja ulimkalisha juu ya kiti ukakunja suruali yako. Na ndiyo hiyo iliyosikika mpaka karakana ya Mwanza, wanapotengeneza baiskeli hizi kutoka mwanzo, wakakuita.

Ukasema huendi.

Uliniambia wiki iliyopita, umenipa mgongo, unaosha mikono. Ulisema kazi zipo hata Dar. Nikakuuliza sababu, ukazungukazunguka, mwisho ukasema, "Ikikukatikia njiani nikiwa Mwanza, utafanya nini?" Tukagombana. Ulisema hata Kawe siwezi kufika peke yangu, na ulijua kwamba yule mteja wa Kawe alikuwa ameniomba nikampikie supu nami nikawa nakusubiri unisindikize.

Kwa hiyo nilikwenda Kawe. Wewe ulikuwa umeshatoka, nikapakia, nikaondoka. Sitakudanganya kwamba nilikuwa na ujasiri. Kule kwenye magari makubwa nikawa nashika usukani kama nashika mtu anayezama. Nilifika, nikapika, wakala. Wakati wa kurudi, nimeshavuka Mwenge, sauti ikabadilika, ikawa kali.

Safari hii sikufurahi. Nilisimama pembeni palepale, watu wananipigia honi. Nikatazama miguu, mmoja, wa pili, nikaishika kwa mkono. Mizima. Nati moja ilikuwa imelegea. Nikasubiri bomba lipoe, nikatandika kanga chini, nikajishusha. Ulishawahi kuniona nikijishusha chini mbele ya watu? Hujawahi, maana sijawahi. Wakajaa. Dereva mmoja wa bodaboda, kijana mwenye adabu zake, akasema shikamoo mama, lete nikukazie. Nikamwambia marahaba baba, nishikie baiskeli isitembee, spana niachie mie. Nikakaza huku kidogo, huku kidogo, kama nilivyokuona. Nikawasha. Nikapaka povu, nilikuwa na kipande cha sabuni ya kuoshea sufuria. Likatulia. Akaniinua kwenye kiti, nikaondoka, na nilipofika mbele kidogo ambapo hawanioni nikasimama nikajifuta jasho kwa kanga mpaka nikaweza kuendelea.

Nikakukuta umesimama kwenye kona ya mtaa wetu na uso wa mtu aliyezunguka mji mzima. Nilijiandaa kwa maneno. Uliinama, ukagusa nati kwa kidole.

"Nani kakaza?"

"Mie."

Ukatoa spana mfukoni ukaijaribu. Haikusogea. Ukaijaribu nyingine, haikusogea. Ulibaki umeinama pale muda mrefu kuliko nati mbili zinavyohitaji, nami nilikuwa natazama kisogo chako, nikitaka kukigusa, nikaogopa. Kisha ukaingia ndani, nikasikia unavuta begi kutoka juu ya kabati.

Basi. Ndiyo yote kwa upande wangu.

Huko uendako utaunguza mtu tena. Sikuombei mabaya, nasema tu kwamba utakuwa na mikono na watu watakuwa na haraka zao, na mmoja atakuwa kama mama yako Jumamosi ile, amejisifia mtaa mzima. Mwache akasirike. Na kama imeshatokea, na mtu amekuficha kwa kukupenda, usimwadhibu muda mrefu kama ulivyoniadhibu mie. Ilitosha mapema zaidi ya ulivyodhani. Mie pia nilikuwa natamani kusukumwa na mtu anayenisemesha.

Nina wasiwasi, nisikufiche, nimeshaacha mambo hayo. Nimekuwa nao tangu asubuhi. Si wa baiskeli. Baiskeli nitaiweza. Ni wa saa ile ya jioni, unapoingia na kuuliza kuna nini cha kula huku umeshafunua sufuria.

Baba yako aliondoka nikiwa wodini, kwenye ule mwaka wa ukuta. Alikuja, akanikuta nimelala, akaweka machungwa kwenye kimeza, akaenda zake moja kwa moja. Niliamka nikakuta machungwa. Miaka mingi nilikuwa namsubiri aliyeondoka bila mie kumwona, na niliapa kwamba sitalala tena wakati mtu wangu anaondoka. Lakini nimekaa hapa nikafikiri, na sitaki pia nikae mlangoni kesho nikikutazama unatembea na begi, nawe unageuka kila hatua kumtazama mama kiti chake kimeelekea kwako. Ungerudi. Nakujua, ungerudi kutoka hata stendi ya Mbezi.

Kwa hiyo nakuwekea barua hii juu ya begi uisome usiku huu, maana kesho mie ndiye nitakayetangulia. Nitakuamsha, tutasali, nitakukumbatia mpaka uchoke. Kisha nitakwenda Vingunguti kuchukua kongoro kama siku nyingine. Wewe kaa ndani unywe chai yako. Utanisikia nawasha, utanisikia napita kwa Mama Zuhura, utanisikia nashika barabara. Sikiliza vizuri kama fundi. Ukiona sauti imekwenda sawa mpaka imepotea, beba begi lako, funga mlango, nenda.

Mama yako